Maji meusi siyo grafini: miezi minne niliyopoteza nikibandua kinywe

Chupa ya kwanza nilimpelekea sapavaiza wangu mwenyewe mkononi, sikutaka hata mtu anishikie. Ilikuwa nyeusi ti kama wino, nimetoka kuipiga kwenye sonikeita, mashine ya kutikisa kimiminika kwa mawimbi ya sauti, masaa sita, masikio yanavuma kama kuna mbu ndani, ila nina furaha ya ajabu. Nikamwambia Prof shikamoo, nimepata grafini (tabaka jembamba la kaboni linalobanduliwa kutoka kwenye kinywe, yaani grafiti). Akaitikia marahaba, akaishika chupa akaigeuza geuza, hakusema kitu, akaiweka dirishani kwake afu akaniambia "mwanangu iache hapa, njoo kesho asubuhi tuiangalie wote."

Kesho yake saa mbili asubuhi niko mlangoni. Maji yamekuwa ya kijivu hafifu, unaona mpaka mwembe wa nje kupitia kwenye chupa, na chini limelala tope jeusi la unene wa kidole. Akauliza "haya, grafini yako iko wapi hapo?" nikamwonyesha tope. Akatikisa kichwa. Kumbe lile tope ni kinywe kilekile nilichoweka jana, kimesagika tu kidogo, na kama kulikuwa na grafini yoyote basi ilikuwa ndani ya yale maji ya kijivu, ambayo mimi kichwani nilikuwa nishayamwaga.

Naandika kwa sababu tangu nimalize masta watu watatu wamenitafuta wanaanza kazi hii hii, na wote wameuliza kitu kimoja, nitumie sonikeita gani, nipige masaa mangapi. Yaani wanauliza kubandua tu. Hakuna aliyeuliza habari ya kutenganisha, kilichobanduka na ambacho hakijabanduka, na mimi miezi minne yangu iliishia hapo hapo.

Kwa ambaye hii kitu ni mpya kwake. Kinywe ni hayo madini yaliyomo ndani ya kalamu ya risasi, jina lina risasi ila risasi haimo kabisa, ni kaboni. Ni matabaka yaliyolaliana, kila tabaka unene wake ni atomu moja tu, na kutoka tabaka moja hadi lingine ni nanomita 0.335. Ndani ya tabaka kaboni zimeshikana kwa nguvu sana, lakini tabaka na tabaka zimeshikana kidogo, ndo maana ukiburuza penseli matabaka yanateleza yanabaki kwenye karatasi. Tabaka moja likiwa peke yake ndo grafini. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walilipata kwa kubandua na selotepu, wakachukua Nobel ya fizikia 2010. Selotepu inakupa kipande safi sana ila kidogo mno, huwezi kutengenezea wino wala rangi. Ndo 2008 kundi la Jonathan Coleman pale Trinity College, Dublin, likaonyesha kwamba ukiweka kinywe kwenye kimiminika kinachopatana nacho ukakitikisa kwa mawimbi ya sauti, matabaka yanaachana na kimiminika kinaingia katikati kuyazuia yasirudiane. Chukulia daftari lililonyeshewa, likiwa bado kwenye maji unaweza kufungua kurasa moja moja kwa upole, ukiliacha likauke hivyo hivyo zinagandana kama ubao. Hiyo ya kukauka ishikeni, nitairudia maana ndo iliniliza.

Sasa wale wa Dublin mwanzoni walipata kama miligramu 0.01 kwa mililita. Yaani miligramu 10 kwenye lita nzima! Hiyo namba niliisoma nikaipita. Ningetulia nayo dakika tano ningejua kwamba nilichombebea Prof siku ile hakiwezekani.

Nianze na malighafi maana makosa yalianzia huko. Kaka yangu yuko Mahenge, wilaya ya Ulanga kule Morogoro, na eneo lile lina kinywe kingi kweli, nikamwomba aniletee kidogo. Akaja na kiroba cha unga kimejaa mawe ya kijivu yanayong'aa kama magamba ya samaki, ukishika vidole vinabaki na rangi ya fedha na haitoki kwa kunawa mara moja. Nilijisikia fahari kufanyia utafiti madini ya kwetu na bado naisikia. Ila mimi nilisaga nikatia moja kwa moja kwenye sonikeita, na kile siyo kinywe, ni mwamba wenye kinywe ndani yake, una mchanga, una ulanga, una vitu vyekundu vyekundu. Mzee mmoja wa maabara, fundi wa miaka mingi, ndo aliniambia "mwanangu choma kwanza uone kinabaki nini." Tukachoma gramu 1 kwenye tanuru nyuzi 900, kaboni yote ikaondoka na hewa, kikabaki chungani kijivu cha kahawia karibu robo gramu. Robo nzima ya nilichokuwa nakiita kinywe ilikuwa mchanga.

Nikakisafisha kwa kuelea. Kinywe hakipendi maji, kwa hiyo ukitia matone machache ya mafuta ya taa kwenye ndoo na ukapuliza hewa, kinapanda juu na mapovu, mchanga unazama. Nilirudia mara tatu nikafika majivu chini ya asilimia 6. Hapo nikaingia kosa lingine, yale mafuta ya taa yanabaki yamekipaka kinywe, ukikitia kwenye maji ya sabuni kinajikusanya mabonge mabonge na hakiachani hata ukipige siku nzima. Wiki mbili sijui kwanini, nilikuwa nalaumu sonikeita. Dawa ilikuwa kukiosha na asetoni mara kadhaa, afu kukikausha kwenye oveni usiku kucha. Kama mradi wako hauhusu madini ya hapa nyumbani, nunua tu unga wa kinywe uliokwisha safishwa ujifunze nao kwanza, halafu ya Mahenge au ya Lindi uje nayo ukishajua unachotafuta. Mi nilibeba matatizo mawili kwa mpigo, likitokea kosa sijui limetoka kwenye mawe au kwenye mikono yangu.

Kimiminika sasa. Kila nilichosoma kilisema NMP (kemikali ya maji maji, kirefu chake N-methyl-2-pyrrolidone), na ni kweli inafanya kazi vizuri maana mvutano wa uso wake uko karibu na ule unaotakiwa, kama milinyutoni 40 kwa mita. Tuliagiza nusu lita kupitia wakala, ikatoka laki nne na kitu pamoja na usafiri, hela ya mfukoni kwangu kwa sababu fungu la utafiti lilikuwa halijatoka. Nilikuwa naimimina kwenye meza ya kawaida kwa sababu kabati la kufyonza hewa la chumba chetu lilikuwa bovu muda mrefu, glavu zangu ni zile za bluu nyembamba za naitraili, madirisha nimefungua nikaona inatosha.

Meza ya jirani alikaa dada tuliyekuwa tunasoma wote, ana ujauzito wa miezi minne. Wiki ya tatu ndo nimekaa na lebo ya chupa nikaisoma yote mpaka chini, imeandikwa waziwazi kwamba inaweza kudhuru mtoto aliye tumboni. Nilisimama nikamwangalia pale anaandika mambo yake, mikono ikapoa. Nikamwita nje nikamwambia ukweli wote, siku ngapi, kiasi gani, umbali gani. Hakunigombeza, aliuliza tu "kwanini hukusoma mwanzoni?" na sikuwa na jibu la kumpa. Akaenda kliniki akawaeleza, wakawa wanamfuatilia. Mtoto alizaliwa salama na nilienda kumwona, lakini ile miezi mitano ya kusubiri sikulala vizuri hata kidogo. Kwa hiyo hili nalisema kwa herufi kubwa rohoni, karatasi ya usalama inasomwa KABLA chupa haijafunguliwa, na wote wanaokaa chumba hicho wanaambiwa. Glavu za naitraili NMP inazipenya haraka, zinatakiwa za mpira wa butili. Na kama kabati la hewa halifanyi kazi, NMP haiingii chumbani, mradi utasubiri. Unga mkavu nao ukiupima vaa barakoa, hizi chembe ni nyepesi mno.

Hata ukiacha usalama NMP ina shida yake, inachemka nyuzi 202, ukitaka kuiondoa baadaye haiondoki kirahisi, inang'ang'ania. Nikahamia kwenye maji na sabuni. Njia hii nayo inajulikana, watafiti walitumia safaktanti (kemikali zinazofanya kazi kama sabuni) za maabara kama sodiamu kolati, na 2014 kundi lilelile la Dublin likaonyesha kwamba huhitaji hata mawimbi ya sauti, ukikoroga kwa kasi ya kutosha kinywe kinabanduka, wakatumia mpaka blenda ya jikoni na sabuni ya kuoshea vyombo. Kinachotakiwa ni kasi ya mkwaruzo, yaani jinsi matabaka ya maji yanavyopitana kwa kasi tofauti, ipite kama 10,000 kwa sekunde, na blenda ya kawaida inafika.

Nilinunua blenda Kariakoo elfu tisini na tano. Kwa mtu wa huku hii ndo njia ninayoipendekeza kwa moyo wote, ila kuna mambo. Mota ya blenda imetengenezwa kukoroga juisi dakika mbili, siyo kufanya kazi nusu saa, ya kwangu ya kwanza ilitoa harufu ya waya kuungua siku ya pili ikafa. Ya pili nikawa naiwasha dakika 1 naizima dakika 4, na jagi nalizungushia kitambaa chenye barafu. Povu nalo, ukizidisha sabuni hewa inaingia, visu vinazunguka ndani ya povu na kinywe kimekaa chini kinakuangalia. Nilianza na vijiko, nikaishia kwenye mililita 1 mpaka 2 kwa nusu lita. Na sabuni za vyombo zina rangi, chumvi na manukato, ukipata hela nunua kolati ndogo tu uwe na uhakika wa kilichomo.

Wenye sonikeita ya beseni, jueni kwamba haina nguvu sawa kila mahali. Chukua kipande cha foili ya jikoni kikubwa cha kutosha beseni, kizamishe wima dakika moja afu kitoe ukitazame kwenye mwanga, utaona kimetobolewa sehemu fulani na sehemu nyingine hakijaguswa. Mi nilifanya hivyo mwezi wa tatu, nikagundua chupa yangu siku zote ilikuwa inakaa kwenye kona iliyolala. Kuanzia hapo nikaweka alama kwa plasta, chupa inakaa hapo hapo, na maji ya beseni yanafika usawa uleule, maana vinginevyo kila siku unafanya jaribio tofauti na unaliita kwa jina moja. Maji yanapata moto pia, ya kwangu yalikuwa yanapita nyuzi 60 baada ya masaa matatu, nikawa nabadilisha na barafu.

Haya tuje kwenye kutenganisha. Ukishapiga, unacho mchanganyiko wa kila kitu, kinywe kizima, vipande vya tabaka hamsini, vya tabaka kumi, na vichache sana vya tabaka moja. Sentrifuji, mashine inayozungusha chupa kwa kasi ili vizito vizame, ndo inachagua. Karatasi ya utafiti niliyofuata iliandika mizunguko 1500 kwa dakika kwa dakika 45, na mimi nikaweka 1500 kwa dakika 45, nikashangaa matokeo hayafanani. Mizunguko peke yake haina maana kabisa ndugu zangu! Nguvu inategemea urefu wa rota, ile sehemu inayobeba chupa na kuzunguka. Chukua 0.00001118, zidisha kwa umbali kutoka katikati kwa sentimita, zidisha kwa mizunguko mara mizunguko. Rota yangu ni sentimita 8, kwa 1500 inatoa mara 201 ya uzito wa dunia, mwenye rota ya sentimita 16 anapata 402, mara mbili yangu, na wote tunaandika 1500. Ukiona karatasi haijataja rota, usiifuate kwa namba, na wewe ukiandika yako andika nguvu.

Kilichonitoa ni ile njia ya kuzungusha kwa ngazi ngazi, ambayo mtafiti Claudia Backes na wenzake waliieleza 2016. Unazungusha taratibu kwanza, tope linalobaki chini unalitupa au unalirudisha kwenye blenda, maji ya juu unayachukua unayazungusha kwa nguvu zaidi, sasa safari hii kinachokaa chini ndo mali, maji ya juu yana vipande vidogo mno na sabuni iliyozidi. Hayo mashapo ya pili unayatia kwenye maji masafi kidogo yenye sabuni kidogo, unatikisa, yanarudi kuelea. Umechagua saizi, umeongeza nguvu ya wino na umepunguza sabuni kwa kazi moja. Mara ya kwanza nilipoyatikisa yale mashapo yakasambaa kama moshi ndani ya maji na hayakurudi chini, nilikaa nayo mpaka walinzi wakaja kufunga jengo.

Wakati wa kunyonya maji ya juu usiwe na tamaa. Chukua robo tatu ya juu, iache robo ya chini hata kama inaonekana nzuri. Mkono ukitetemeka kidogo ukagusa tope umeharibu siku nzima.

Kupima. Tunasoma mwanga unavyomezwa kwenye nanomita 660 afu tunagawanya kwa namba maalumu tupate kiasi. Ile karatasi ya 2008 namba yake ni 2460, ya 2009 ya maji na safaktanti ni 1390. Tuseme mashine imesoma 0.5 kwenye kichupa cha sentimita 1, kwa namba ya kwanza una miligramu 20 kwa lita, kwa ya pili una 36. Chupa ile ile! Mi nilichanganya, sampuli za mwanzo namba moja, za baadaye nyingine, nikachora grafu inaonyesha nimeboresha sana. Prof ndo aliigundua siku tatu kabla sijaipeleka kwenye semina. Chagua moja, iandike, usiihame, na ukiweza chuja kiasi unachokijua kwenye filta uliyoipima uzito, ioshe sabuni itoke kwa maji ya moto, ikaushe upime tena, upate namba yako mwenyewe.

Na sasa ile ya kukauka. Hapa kwetu sikupata Raman, kipimo cha leza kinachoonyesha kama ni grafini au kinywe, ikabidi nitume sampuli nje kwa mtu aliyekubali kunipimia. Kampuni ya kuria wakakataa vimiminika, mimi nikaona siyo shida, nikamimina sampuli zangu tatu nzuri kuliko zote kwenye sahani nikakausha kwenye oveni, nikakwangua unga mweusi, nikafunga nikatuma. Laki moja na elfu themanini. Wiki saba baadaye majibu yakaja, kilele cha karibu 2700 kwenye grafu, kile kinachoonyesha idadi ya matabaka kwa umbo lake, kina bega kabisa, umbo la kinywe cha kawaida. Sampuli zote tatu. Nilifungua ile barua pepe niko kwenye daladala ya Mbezi, nikalia mpaka mama mmoja wa pembeni akanishika bega akauliza "mwanangu kuna msiba?"

Msiba haukuwepo. Grafini ilikuwepo nilipoiweka ovenini, nilipoikausha kurasa zote za daftari zikarudiana. Baada ya hapo sikukausha tena kitu kikiwa kingi pamoja. Unadondosha tone moja jembamba lililopunguzwa sana na maji juu ya kipande cha silikoni au kioo, likauke lenyewe vipande vikiwa mbalimbali, unatuma kioo. Hicho kuria wanakubali, na ni chepesi. Safari ya pili, na laki nyingine, majibu yakaja na kilele kimoja kilicholingana pande zote, vipande vingi ni vya tabaka tatu mpaka tano, vya tabaka moja moja ni vichache sana. Ndo ukweli wa njia hii, msitegemee chupa ya tabaka moja tupu. Kwa wino na kwa kuchanganya kwenye plastiki inatosha kabisa.

Kipimo cha bure mnachoweza kufanya leo ni leza ya kuonyeshea slaidi. Punguza sampuli mpaka iwe kama chai ya rangi iliyofifia, piga leza pembeni, kama kuna vipande vinaelea utaona mstari wa mwanga umekatiza chupa. Haikuambii ni tabaka ngapi, hata maziwa yaliyopunguzwa yanafanya hivyo, ila kama mstari umepotea baada ya wiki ujue vimeshazama.

Chupa yangu namba 41 ilikaa dirishani kwa Prof miezi tisa, ya kijivu vilevile, chini hamna kitu.

Sasa hivi nimehamia molibdenamu disalfaidi, ule unga mweusi wa kulainishia mashine, nao ni wa matabaka, na kundi la Dublin walionyesha 2011 kwamba njia hii inabandua aina nyingi mbali na kinywe. Tofauti yake ni kwamba huu unakuonyesha kazi kwa rangi. Nimetumia maji na isopropanoli nusu kwa nusu, sabuni hamna. Nimezungusha ngazi ya kwanza, nimenyonya robo tatu, nimeinua kwenye mwanga na ni kijani, kijani cha maji yaliyochemshiwa mchicha, na mashine ya kupima mwanga imeonyesha vile vilele viwili vyake karibu na nanomita 610 na 670. Jana jioni nimeiweka dirishani. Sijaigusa, kesho saa mbili ndo nitaenda kuitazama.